Usinunue Bunduki kwa Macho

Wadau, leo siongei mambo ya simu.

Wiki jana binamu yangu anayeishi Texas alinitumia picha saa nane usiku, saa za huku. Nikadhani amenunua gari. Kumbe ni bunduki. AR-15 nyeusi, imevalishwa darubini kubwa, tochi na kitako cha rangi ya mchanga. Chini ameandika: "Wewe ndiye hukagua vitu. Hii ni kitu ama nimepigwa?"

Niseme mapema ndiyo nisieleweke vibaya. Huku Kenya hiyo si mali ya raia. Sheria yetu ya bunduki inataja AK-47 na G3 kwa jina, na ukipatikana na silaha ya aina hiyo kinyume cha sheria, unaangalia kifungo cha maisha. Texas ni kwingine. Mtu mzima mwenye rekodi safi anaingia dukani, anakaguliwa, anatoka nayo. Binamu anafanya kazi shambani, na nguruwe mwitu wanafukua mimea usiku kucha. Mwenye shamba amemruhusu awapige.

Nikamjibu na swali moja: "Bolti ni ya nani?" Yaani kile chuma cha ndani kinachoingiza risasi na kuifungia mahali pake. Akasema hajui. Darubini lakini alijua bei yake mpaka senti.

Hapo nikakasirika kidogo, manake huyu ni mtoto wa baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa askari wa akiba kijijini kwetu Baringo. Walimpa G3 kuukuu. Siku wezi wa mifugo walikuja, alipiga risasi moja, ya pili ikakataa kupanda. Midomo ya magazini ilikuwa imepinda, kitu ndogo hata huwezi kuona ukiwa mbali. Akiwa bado anapigana na hiyo magazini, risasi ikamvunja goti. Mpaka leo anatembea na fimbo. Kwa nje ile bunduki ilikuwa sawa kabisa. Alikuwa anaipangusa kila Jumapili.

Sasa elewa hivi. Bunduki ya nusu otomatiki hupiga risasi moja kila ukivuta, halafu inajipakia yenyewe. Gesi ya risasi iliyotoka inasukuma bolti nyuma, kijino kinavuta ganda, ganda linaruka, springi inarudisha bolti mbele na risasi mpya. Yote hiyo kabla hujapepesa jicho. Kipande kimoja kikizembea, umebaki na rungu ya bei ghali.

Wamarekani wenyewe walijifunza kwa damu. AR-15 ilibuniwa na Eugene Stoner na wenzake wa kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950, na hiyo AR inatoka kwa jina la kampuni. Jeshi likaichukua kama M16, likaipeleka Vietnam. Baruti ya risasi ikabadilishwa, chemba haikupakwa kromu, na askari wengi hawakupewa hata vifaa vya kusafishia. Maganda yakaanza kukwama ndani katikati ya vita. Vijana walikufa. Mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani ikachunguza na kulikosoa jeshi vikali. Dawa yenyewe? Kromu kwa chemba, vifaa vya usafi, na mafunzo. Muundo ulikuwa mzuri, vitu vidogo ndivyo viliua watu.

Na huko Marekani, kisheria kwa AR-15, bunduki ni kile kipande cha chini chenye namba. Mengine yote yanauzwa kama spea za Probox pale Kirinyaga Road: kuna orijino, na kuna zile zinang'aa kwa karatasi tu. Kwa hivyo mtu anaweza kuunganisha moja kutoka vipande vya maduka kumi, na kwa picha ikae kama ya jeshi.

Nikamwambia binamu atoe hizo nguo zote aangalie mwili. Mtutu: ndani umepakwa kromu ama umetibiwa vipi dhidi ya kutu? Bolti: aliyeitengeneza anasema aliipima nyufa kwa sumaku, na ni mtu mwenye jina la kupoteza? Skrubu mbili za juu zinazoshika njia ya gesi: chuma kimegongwa pembeni zisilegee? Magazini: nunua mpya za kampuni inayojulikana, ziandike namba, na ile inayokwama itupe, usiihurumie. Halafu piga risasi mia kadhaa kwa uwanja wa shabaha kabla ya kuiamini usiku. Na kwa sababu ana mtoto wa miaka minne, sanduku la chuma lenye kufuli linunuliwe kabla ya tochi.

Alinyamaza siku mbili. Juzi akaniandikia kwamba fundi ameifungua, na zile skrubu hazikuwa zimegongwa. Moja ilikuwa inazungushwa na vidole. Amerudisha darubini dukani, na hiyo pesa imeenda kwa bolti nzuri, magazini tatu na sanduku.

Nikamuuliza kama amemwambia mzee. Akasema alimpigia simu, na mzee hakuuliza bei wala rangi. Aliuliza tu, "Magazini umeiangalia midomo?"