Hapakuwa na Kitu

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alinifuata baada ya kipindi, akaniuliza kama ni busara kununua kiwanja katika ulimwengu wa kompyuta. Binamu yake alikuwa amemshawishi. "Wanasema bei itapanda, Mwalimu." Nikamwambia kwamba mimi niliwahi kuwa na kiwanja cha namna hiyo, tena cha bure, na nikanyang'anywa. Alicheka. Nilipoona bado amesimama akingoja maelezo, nikamwahidi kwamba nitaandika.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1998. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, nikiandika tasnifu kuhusu miswada ya sheria za ardhi iliyokuwa ikijadiliwa nyumbani Tanzania. Usiku huingia mapema sana kule wakati wa baridi; saa kumi jioni taa za barabarani zimekwisha kuwaka. Mwenzangu kutoka Kenya, aliyekuwa akisomea uhandisi, ndiye aliyenieleza habari za AlphaWorld, ulimwengu ambamo watu kutoka nchi mbalimbali walitembea, wakazungumza kwa maandishi na kujijengea nyumba popote walipopata nafasi. Kabla yake kulikuwa na ulimwengu wa maneno matupu, ulioanzishwa mwaka 1978 pale Chuo Kikuu cha Essex na Roy Trubshaw na Richard Bartle, ambamo mtu alisoma maelezo ya chumba na kuandika amri ya kwenda kaskazini au kusini. AlphaWorld, iliyofunguliwa mwaka 1995, ilikuwa na sura: nyasi, kuta, anga, na miili ya watu.

Kuisakinisha kulinichukua siku tatu. Kompyuta za chuo hazikuruhusu mwanafunzi kuweka programu yake, na kompyuta yangu ya mtumba ilikuwa chumbani. Nikapakua faili chuoni, nikaligawa katika disketi kadhaa, nikatembea nalo mfukoni hadi nyumbani. Disketi ya mwisho ilikuwa mbovu. Kesho yake nikarudi, nikainakili upya, na safari hiyo ya pili ikawa mbovu. Programu ilipokubali hatimaye, nikatambua kwamba laini ya simu niliyotegemea ni ya mama mwenye nyumba, na kwamba simu hutozwa kwa dakika. Tukakubaliana niitumie usiku, nilipe sehemu yangu ya ankara, na Jumapili nisiiguse kabisa, kwa sababu ndiyo siku ambayo binti yake humpigia.

Mara ya kwanza nilipoingia sikuona chochote ila uwanda wa kijani na anga ya buluu. Kisha ulimwengu ukaanza kuwasili kwa vipande kupitia modemu: kwanza nguzo moja, halafu paa lisilo na ukuta, halafu mti ukining'inia hewani, halafu ardhi chini yake. Ukikimbia, ulizitangulia nyumba na kujikuta tena katika utupu, ukingoja zikufikie. Mishale ya kibodi ilikupeleka mbele na nyuma. Kitufe cha kujumlisha kilikupaisha angani, cha kutoa kikakushusha. Ukibonyeza kitufe cha herufi kubwa huku ukitembea, ulipenya ukutani kama jini. Niliandika "Hamjambo nyote," na mtu aliyesimama karibu akanikaribisha kwa furaha akiniita Bwana Hamjambo.

Jina langu lilionekana ndani ya alama za kunukuu. Nilidhani ni pambo. Nikaja kuelewa kwamba ndiyo alama ya mtalii, yaani mtu aliyeingia bila kulipa, ambaye hata jina lake lilitajwa kwa namna ya kutiliwa shaka. Hapo mwanzo uraia ulikuwa wa bure, lakini tangu mwaka 1997 ulilipiwa dola 19.95 kwa mwaka. Kwa wengi hazikuwa fedha nyingi. Kwangu tatizo lilikuwa kadi: benki niliyofungua akaunti haikuwapa kadi ya mkopo wanafunzi wa kutoka nje. Nikabaki mtalii. Mtalii aliruhusiwa kujenga. Kilichokuwa tofauti ni kwamba alichojenga raia hakuna mwingine aliyeweza kukigusa, na alichojenga mtalii mpita njia yeyote aliweza kukifuta.

Ardhi yenyewe ilikuwa kubwa mno. Kutoka kitovuni hadi ukingoni ilikuwa kilomita 327 na nusu kwa kila upande, na eneo lote kilomita za mraba 429,025. Hiyo ni chini kidogo ya nusu ya Tanzania, na karibu mara mbili ya Uganda. Hata hivyo watu walisongamana kitovuni kama Kariakoo. Ramani zilizochorwa miaka ile, mfano wa picha za setilaiti, zilionyesha umbo la nyota: doa nene katikati, na mikono iliyonyooka kuelekea pande za dira na katikati yake. Hapakuwa na barabara wala mto uliovuta watu huko. Mahali palitambulika kwa namba mbili, ya kaskazini au kusini na ya mashariki au magharibi, na watu walichagua namba rahisi kukumbuka, kama mia na mia, au elfu na sifuri. Namba zikafanya kazi ambayo kwetu hufanywa na barabara kuu.

Nami nilifanya vivyo hivyo, ila kwa kumbukumbu zangu. Nikaandika 1961 Kaskazini, 1964 Mashariki, na kwa kufumba na kufumbua nikawa nimefika. Palikuwa na ukimya na nyasi, na kinjia kifupi cha mawe ambacho raia mmoja alikuwa amekiweka pembeni. Kinjia hicho kilikuwa neema, kwa sababu katika ulimwengu ule hukufyatua tofali. Ulinakili kitu kilichokwisha kuwapo, ukakisogeza, kisha ukabadilisha jina lake, na jiwe likageuka ukuta au mti. Ulijenga, kwa hiyo, kwa mbegu ya jirani. Nikajenga banda la vyumba viwili lenye baraza. Nikaweka mti ambao sijui ulikusudiwa kuwa mti gani. Mimi niliuita mwembe. Na mbele ya baraza nikaacha uwanja.

Uwanja ule niliuacha kwa makusudi. Nyumbani kwa babu yangu uwanja ndio nyumba. Vyumba ni mahali pa kulala tu. Uwanjani ndipo mahindi huanikwa, mashauri husikilizwa, na matanga hukaa. Hufagiliwa kila asubuhi ili pasiwepo na kitu. Nilipokuwa nimechoka na tasnifu, nilikuwa nikiingia usiku na kusimama barazani nikitazama uwanja wa nyasi zilizochorwa, na mwenzangu akinikuta hapo husema, "Bwana, wewe umekuja Ulaya kusoma au kulinda shamba?"

Mwezi Januari 1999 nikakuta ukuta wa ngome katikati ya uwanja. Yule raia wa kinjia alikuwapo, akinakili minara kwa bidii. Nikamsalimu, nikamweleza kwamba pale ni mbele ya nyumba yangu. Alikuwa mtu mwenye adabu, sina neno baya juu yake. Aliandika kwamba hakujua. Hapakuwa na kitu. Kisha akanifundisha desturi ya wenyeji: ukitaka eneo liwe lako, litandike vipande vya nyasi, kimoja baada ya kingine, juu ya nyasi zilizopo. Macho hayataona tofauti, lakini mfumo utajua. Aliyeweka kitu kwanza ndiye mwenye mahali. Usiku huo nikatandika nyasi juu ya nyasi mpaka saa nane, nikilipa kwa dakika.

Wakati huo huo mezani kwangu ulikuwapo muswada uliokuja kuwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Nilikuwa nimesoma mara nyingi tafsiri ya "ardhi ya jumla": ardhi yote ya umma isiyo ya hifadhi wala ya kijiji, pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Maneno hayo ya mwisho nilikuwa nimeyapitia kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa. Sasa nikayasoma nikiwa na ngome uwanjani. Isiyotumika, kwa macho ya nani? Shamba lililopumzishwa misimu mitatu linatumika? Malisho ambayo wafugaji huyafikia kiangazi tu? Makaburi yasiyo na saruji? Sura nzima ya tasnifu yangu ilitoka katika swali hilo, na msimamizi wangu hakupata kujua lilikotoka, maana niliona aibu kumwambia.

Mwezi Machi nikarudi baada ya majuma mawili ya mitihani. Banda halikuwapo. Nyasi nilizotandika hazikuwapo, au zilikuwapo zile nyingine, sikuweza kutofautisha. Mwembe ulibaki, labda kwa sababu aliyefuta aliupenda. Raia wa ngome aliniapia kwamba si yeye, na ninamwamini. Mtu yeyote angeweza kufanya hivyo. Nilisimama pale mpaka mama mwenye nyumba alipogonga mlango kuulizia simu.

Miaka michache baadaye, nikiwa kazini, nilifuatana na maofisa kukagua eneo ambalo mwekezaji aliliomba katika kijiji kimoja. Ofisa kijana, mwenye bidii na asiye na nia mbaya hata kidogo, alisimama juu ya gari, akazungusha mkono, akasema hapa hapana kitu. Mzee wa kijiji hakubishana naye. Alituomba tushuke tutembee, na kwa saa mbili alituonyesha: hapa mizinga, hapa dawa ya tumbo, hapa ng'ombe hupita wakati wa kiangazi, hapa alizikwa dada yangu. Yule ofisa aliandika yote. Wasomaji wangu mlio katika idara za ardhi mnajua kwamba fomu aliyokuwa nayo haikuwa na nafasi ya kuyaweka, akalazimika kuandika nyuma ya karatasi.

Yule mwanafunzi hakununua kiwanja, lakini hiyo ni kwa sababu fedha zake zilikwenda kwenye ada. Muswada wangu wa zamani bado ninao. Pembeni mwa kifungu cha tafsiri, kwa penseli, pameandikwa 1961K, 1964M, na chini yake mchoro wa baraza.