CISSY HOUSTON: Aliitikia nyuma ya mastaa, Grammy akaipata na miaka 63

Mtaje Cissy Houston popote, utaambiwa, "Si yule mama yake Whitney?" Ndiyo, ni yeye. Ila bi mkubwa huyu alikuwa kwenye muziki miaka mingi kabla Whitney hajazaliwa.

Alizaliwa 30 Septemba 1933 huko Newark, New Jersey, Marekani, kitinda mimba wa watoto 8. Jina lake la kuzaliwa ni Emily Drinkard. Akiwa na miaka 5 tu tayari anaimba kanisani na ndugu zake, kundi lililokuja kujulikana kama Drinkard Singers. Mama yao alifariki Cissy akiwa bado mtoto, na kabla hajafika miaka 20 baba naye akaondoka. Kilichobaki ni kanisa na zile sauti za nyumbani. Dionne Warwick unayemjua ni mtoto wa dada yake, yaani ukoo mzima muziki!

Miaka ya 60 akaingia studio kama muitikiaji. Na kundi lake la Sweet Inspirations akaitikia nyuma ya Aretha Franklin, na mwaka 1969 wakapanda jukwaa moja na Elvis Presley kule Las Vegas. Hata Midnight Train to Georgia, Cissy ndiye aliyeanza kuirekodi. Gladys Knight na kundi lake walipoirudia 1973, ikashika namba 1 Marekani, na leo watu wengi wanajua ni ya Gladys.

Mwingine angesusa. Yeye alirudi Newark kwa wanawe na kwaya yake ya kanisa la New Hope Baptist, ambayo aliisimamia kwa miongo kadhaa. Humo kwenye kwaya ndimo Whitney alipoanza kuimba, mama akiwa mwalimu, tena mkali.

Binti akawa staa wa dunia. Mama naye zamu yake ikafika 1997, akiwa na miaka 63: Grammy kwa albamu ya Face to Face. Mwaka 1999 akaongeza ya pili kwa He Leadeth Me. Zote mbili za injili, muziki ule ule alioanza nao akiwa na miaka 5.

Halafu ikaja Februari 2012. Kanisa lile lile alilomfundishia mwanawe kuimba, ndilo alilokaa kumuaga. Mwaka 2015 akaondoka na mjukuu, Bobbi Kristina, miaka 22 tu. Ni mzazi gani anaomba kuzika hivyo?

Cissy mwenyewe alifariki 7 Oktoba 2024, akiwa na miaka 91.

Siku ukipata nafasi, weka Ain't No Way ya Aretha. Utasikia sauti nyembamba ya kike inapanda juu kabisa kule nyuma. Huyo ndiye Cissy.