Kitabu cha nyangumi

Nilijifunza kuandika programu kwa kitabu kilichokuwa kimeshazeeka kabla sijakifungua. Kinaeleza jinsi ya kuchambua lugha za watu kwa kutumia Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Waandishi wake ni Steven Bird, Ewan Klein na Edward Loper, nacho kilitoka mwaka 2009. Binamu yangu alikikuta Lubumbashi kwenye vitabu vilivyokwisha tumika, akanitumia Kalemie. Jalada lina mchoro wa nyangumi. Koko wangu, mama mzaa mama, aliutazama akauliza samaki huyo anavuliwa wapi, maana miaka yote aliyouza ndakala kando ya ziwa hakupata kumwona.

Nilikihitaji kwa sababu ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, inayohusu Kiswahili cha hapa Kalemie. Nilikuwa nimemrekodi koko kwa simu akisimulia maisha yake: soko, ndoa, vita, watoto aliowazika. Yote niliyaandika daftarini, kisha nikayaingiza kwenye kompyuta. Kilichobaki ni kuhesabu maneno, na kwa kidole nisingemaliza.

Nilisoma usiku, umeme ukiwepo, kamusi pembeni, kwani lugha yangu ya shule ni Kifaransa na kitabu ni cha Kiingereza. Mfano mmoja mwepesi ulinishinda siku tatu. Kitabu kilisema niandike print, kisha maneno ninayotaka yaonekane. Nikaandika. Mashine ikakataa. Nikarudia herufi kwa herufi. Ikakataa tena. Nilidhani kompyuta ni mbovu, halafu nikadhani mbovu ni mimi.

Siku ya nne nilinunua mega, nikatafuta. Kumbe Python ya tatu ilitoka Desemba 2008, na watengenezaji wake walibadilisha kanuni kadhaa kwa makusudi. Kitabu changu kilifuata Python ya pili, ambayo walisimamisha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Katika ile ya zamani, print ilisimama yenyewe. Katika mpya ni lazima maneno yaingie ndani ya mabano. Katika ile ya zamani, 7 kugawanya kwa 2 kulitoa 3, na nusu ikapotea kimya. Katika mpya kunatoa 3.5. Waandishi walilijua jambo hilo la kugawanya, ndiyo maana walimwelekeza msomaji aandike mstari unaoiambia mashine iazime kanuni hiyo kutoka wakati ujao. Wakati ujao wao kwangu ulikuwa umeshapita.

Tangu hapo nikaanza kuandika kwa penseli pembeni mwa kurasa: "zamani" hivi, "sasa" hivi. Kitabu hakikuwa na kosa. Kilieleza jinsi mashine ilivyosema siku zile. Nikajisifu kwamba mwanafunzi wa isimu hapaswi kushangaa, maana tunafundishwa darasani kwamba kila sarufi ni ushahidi wa mahali fulani na wakati fulani.

Basi programu yangu ikafanya kazi. Nikaiambia ihesabu neno "batoto", ambalo koko hulisema kila siku. Jibu: 0. Nikajaribu "watoto". Jibu: 41.

Nilidhani nimekosea tena kuandika. Nikamsomea koko ukurasa mmoja wa masimulizi yake. Akasikiliza kwa adabu, kama anayesikiliza habari za mtu mwingine, kisha akauliza:

"Huyu ni nani?"

"Ni weye, koko."

"Mimi sisemaka vile."

Nikafungua rekodi ya kwanza kwenye simu. "Batoto", wazi kabisa. Nikakumbuka. Wakati wa kuandika nilikuwa nimeweka mezani sarufi ya Ashton ya mwaka 1944, inayoeleza Kiswahili sanifu, chenye msingi wake Unguja. Kila "batoto" niliiandika "watoto". "Kitabu yangu" ikawa "kitabu changu". "Tulikuwaka" ikawa "tulikuwa". Wala sikufanya kwa siri. Pembeni mwa daftari niliandika kwa mkono wangu: "nimesafisha".

Mashine ilipopingana na kitabu, niliisikiliza mashine, nikasahihisha kitabu. Koko alipopingana na kitabu, nilimsahihisha koko. Naye ndiye aliyeniimbia hadi nikalala kwa Kiswahili hichohicho.

Zilikuwa zimebaki wiki sita nitetee kazi yangu. Mwalimu anayenisimamia alinisikiliza, akasema anaweza kukubali nieleze kosa hilo katika utangulizi, au nianze upya na kungoja sesheni ya pili. Nilianza upya. Nilirudi kusikiliza neno kwa neno, nikaandika nilichosikia. Lakini rekodi moja haikuwepo tena. Nilikuwa nimeifuta kupata nafasi kwenye simu, kwa kuwa nilishaiandika. Ndiyo ile ambamo koko alisimulia kifo cha mtoto wake wa kwanza. Nina kurasa zake saba za Kiswahili safi, zisizo na sauti yake. Nimeziondoa kwenye kazi. Nilimwomba asimulie tena. Akasema habari ile haisimuliwi mara mbili.

Hesabu mpya inasema: "batoto" 29, "watoto" 3. Nilizitafuta zile tatu, nikihofia kwamba mkono wangu umerudia ya kale. Nikasikiliza. Ni yeye kweli, na mara zote tatu anarudia maneno ya padri kanisani.

Hizo nimeziacha kama zilivyo.