Bega la Nani?



Katika karakana yetu ndogo hapa Butembo, nyuma ya nyumba ya mzee anayetufundisha useremala, mteja mmoja alituletea kitako cha bunduki kilichopasuka, akaomba tumchongee kipya. Alisema ni bunduki ya kuwindia, akatanguliza nusu ya malipo. Chuma chenyewe angekileta siku ya mwisho. Mmoja wetu alikuwa akidaiwa karo. Hatukuuliza zaidi.

Tulichagua kipande cha libuyu kilichokauka vizuri, chenye nyuzi zilizonyooka. Tukakipima kwa kile cha zamani, tukakichonga kwa patasi na tupa, tukakilainisha kwa msasa, kuanzia ule mkavu hadi ule mwembamba. Tulipokipangusa kwa kitambaa chenye maji, vinyweleo vya mbao vilisimama, nasi tukavisugua tena. Yalibaki mafuta, na kuchimba mahali pa chuma. Hiyo ni kazi ya subira: fundi hupaka chuma masizi ili aone mbao inapogusa, kisha hupunguza kidogo kidogo mpaka vikamatane. Tunakiri kwamba kazi ilitupendeza.

Jioni moja mwenzetu mzaliwa wa Beni alikiweka begani kupima urefu. Akanyamaza, akakishusha. Tangu Oktoba 2014 watu wa kwao wanazika jamaa zao waliouawa mashambani na majumbani. Yeye mwenyewe alimzika baba yake mdogo. Akasema, “Kimekaa vizuri. Lakini kitakaa kwenye bega la nani?”

Mteja aliporudi, tulimwomba hati ya kumiliki silaha. Hakuwa nayo. Akacheka, akasema fundi wa mlango haulizi nani ataufunga. Tukamrudishia fedha zake pamoja na kitako chake cha zamani. Huenda alikuwa mwindaji kweli; Mungu ndiye ajuaye. Karo ililipwa kwa kuchelewa, baada ya kuuza viti viwili na kuchangishana.

Tulidhani mzee wetu angetusifu. Alituuliza tu, “Mbona hamkuuliza siku ya kwanza?” Hatukuwa na jibu, ila lile la fedha.

Tangu hapo tunamkumbuka Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu. Yeye hakusubiri mwenzake alie ndipo aulize. Aliwaona walaji kabla ya kuuona mfuko wa fedha. Sisi tulimwona jirani tukiwa tumebakiza mafuta tu.

Kile kitako kingali kimetundikwa ukutani, hakijapakwa kitu. Mti hauna hatia. Mkono unaouchonga ndio utakaotoa hesabu.

Vijana wenzetu, kabla ya kuagana leo, kila mmoja ajiulize: kazi iliyo mikononi mwangu inakwenda kwa nani? Mtakatifu Yosefu, seremala mwenye haki, utuombee.