Kitoweo Kisichochinjwa

Jambo tutakalolieleza leo ni dogo kwa sura, nalo lilitokea jikoni. Lakini lilitunyima usingizi usiku mzima, nasi twaona si haki kulificha.

Sisi ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Chunya. Mji wetu ni wa dhahabu. Tangu miaka ya 1920 na 1930, watu walipoyakimbilia machimbo ya Lupa, fedha hapa huja kwa kishindo na kuondoka kimya kimya, wala haipiti sana katika mfuko wa mwalimu. Hata hivyo tulishika desturi kwamba mgeni halali nyumbani kwetu ila amekula nyama. Kwa desturi hiyo tulifikisha deni la miezi miwili buchani, hata tukawa twapita njia ya nyuma ili tusionane na mwuzaji.

Mke wetu akatuambia, "Maalim, ukarimu wa mkopo humlisha mgeni na kumla mwenyeji." Hatukuwa na jibu.

Siku hizo alikuwa kwetu mpwa wetu, mpishi katika hoteli moja huko Unguja. Alinunua sokoni pakiti ya vipande vikavu vya soya, vile viitwavyo nyama ya soya, akasema atatupikia kama wapikavyo watu wa Jamaika, katika visiwa vya Karibi. Tulimcheka, tukasema, "Nyama ya shambani!" Naye akatueleza kwa adabu. Soya ikisha kukamuliwa mafuta, unga unaobaki husukumwa katika mashine yenye joto kali, ukatoka vipande vyenye nyuzi kama nyama. Katika vipande hivyo vikavu, karibu nusu ya uzito ni protini, yaani kile chakula kijengacho mwili. Lakini havina vitamini B12 kwa asili yake. Basi nyumba isiache mayai, maziwa au dagaa.

Upishi wenyewe Wajamaika huuita jerk. Sifa yake kubwa yatokana na Waafrika waliotoroka utumwa wakajificha milimani, wakahifadhi nyama kwa pilipili na viungo na kuibanika. Nyama yao ilikuwa ya nguruwe mwitu, nayo kwetu ni haramu. Lakini viungo havina lawama. Tena huko huko Jamaika, tangu miaka ya 1930, imekuwapo jamaa ya Marasta, ambao wengi wao hawali nyama kabisa. Hivyo kupika mboga kwa pilipili kali si jambo geni kwao.

Na hii ndiyo njia yake. Chukua gramu 200 za vipande vya soya, uviloweke katika maji ya moto yenye chumvi kwa dakika 20. Vikamue kwa nguvu, uvioshe, uvikamue tena, ili harufu ya maharage itoke. Kisha utwange pamoja vitunguu vya majani, punje 4 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, pilipili mbuzi 1, zaatari, pilipili manga na chumvi. Wajamaika hutia tunda moja la kwao lenye harufu ya karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Sisi tulitia hizo tatu, kidogo kidogo. Ongeza maji ya ndimu 1, kijiko cha sukari guru na mafuta kidogo. Changanya na soya, uache kwa saa 2, kisha ukaange kwa moto wa wastani au ubanike juu ya mkaa hata kingo zianze kuwa nyeusi. Huliwa kwa wali wa nazi uliopikwa pamoja na maharage.

Basi jioni ile ile akaingia mgeni kutoka Tunduma, mzee mwenzetu tuliyesoma naye utotoni. Sahani ikaletwa. Alikula, jasho likamtoka kwa pilipili, akasema, "Maalim, nyama laini namna hii! Umechinja kwa ajili yangu?" Sisi tukajibu, "Alhamdulillahi, kula ndugu yangu." Neno letu halikuwa la uongo, lakini maana yake ilikuwa uongo mtupu. Mgeni akainua mikono, akamwomba Mwenyezi Mungu atulipe badala ya mnyama tuliyemchinja. Nasi tukaitikia, "Amina!"

Usiku binti yetu wa miaka kumi, anayesoma kwetu Juzuu Amma, akauliza, "Baba, mbona hukumwambia ni soya?" Tukamwambia alale. Yeye alilala, sisi hatukulala. Tulikumbuka jinsi tulivyowafundisha watoto habari ya Mtume (s.a.w.) alipotia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini pamelowa, akamkemea mwuzaji kwa kuficha ubovu. Sisi hatukuuza kitu; lakini tuliuficha ufukara wetu chini ya viungo, tukanunua kwao dua ya mtu. Isitoshe, wako watu ambao soya huwadhuru miili yao. Je, kama yeye alikuwa mmoja wao?

Baada ya sala ya alfajiri tulimweleza yote, na deni la buchani pia. Alinyamaza kitambo, kisha akacheka. "Maalim, mimi nakaa mpakani. Nimekwisha kula chikanda ya Wazambia, iliyo kama nyama wala si nyama. Kilichonikera ni kwamba umeniona mimi mtu wa kuhesabu minofu." Neno hilo lilituchoma kuliko pilipili ya jana. Kisha akaomba dua nyingine, kwa yule aliyepika.

Chikanda hiyo hufanywa kwa viazi vya okidi, karanga na pilipili. Viazi vingi vimechimbwa katika nyanda zetu hizi, hasa upande wa Makete, vikauzwa Zambia; na ukichimba kiazi, mmea hufa. Kwa sababu hiyo, miongoni mwa nyingine, mbuga ya maua ya Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Basi atakaye kitoweo kisicho na damu, na apike soya, ambayo hulimwa na kuvunwa kila mwaka, aache okidi pale alipoziotesha Muumba.

Hatusemi nyama iachwe. Alichohalalisha Mwenyezi Mungu hakuna wa kukiharamisha. Twasema tu kwamba asiye nacho asikope ili aonekane anacho. Na kijana aliye safarini, asiyejua nani kachinja, atapata hapa kitoweo kisicho na shaka, mradi asome pakiti ajue kilichochanganywa.

Deni tulilimaliza kidogo kidogo, na sasa twapita njia ya mbele. Mgeni akija, binti yetu ndiye aletaye sahani, naye hutangulia kusema, "Karibu, hii ni soya." Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli mezani kama tunavyouomba msikitini. Amin.