Kuhesabu Pumzi

Huenda umepata kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa ukimwombea apate usingizi. Mimi nimepata kuketi hivyo, na usingizi niliouomba nusura uniondolee mama.

Ilikuwa mwaka 2019. Mama alikuwa amelazwa hospitalini kwa ugonjwa wa mapafu uitwao nimonia. Siku ya kwanza alilalamika kutwa kucha: kifua kilimchoma na kikohozi kilimsumbua. Usiku wa pili akanyamaza. Niliufurahia ukimya ule, nikadhani dawa zimeshinda. Muuguzi wa zamu alipofika nilimnong'oneza, "Sista, tafadhali usimwamshe, amepata usingizi."

Hakunibishia. Alitazama saa yake, akahesabu kifua cha mama kikipanda na kushuka kwa muda wa dakika nzima. Kisha alimwita jina mara mbili. Mama alifumbua macho, akamwita sista kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, akayafumba tena.

"Mwalimu," sista aliniambia, "huu si usingizi. Anapumua mara 36."

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwili unapopungukiwa na oksijeni, au maradhi yanapoenea katika damu, pumzi huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kubadilika. Mara nyingi hubadilika kabla shinikizo la damu halijaanguka. Kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hakutoshi, kwa maana kosa la pumzi moja huwa kosa la pumzi nne. Kadhalika, mgonjwa aliyeanza kuchanganyikiwa hakutulia; ubongo wake umo taabuni.

Sista aliinua kichwa cha kitanda, akamvisha mama kinyago cha oksijeni, akapima mapigo ya moyo na shinikizo la damu, akamtuma mwenzake kumwita daktari. Usiku ule ule damu ilichukuliwa kwa uchunguzi, dawa zikabadilishwa, na maji ya dripu yakaanza kuingia mshipani. Kila baada ya dakika 15 sista alirudi kuhesabu. Alfajiri pumzi zilikuwa 24, na mama akaniuliza kama nimekula.

Kazi hii ya kukesha ina historia yake. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliushambulia mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ukapooza misuli ya kupumua ya wagonjwa wengi. Daktari Bjørn Ibsen alionyesha kwamba waweza kuokolewa kwa kusukumiwa hewa kwa mkono kupitia tundu lililopasuliwa kooni. Mashine zilikuwa haba. Basi wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kuminya mifuko ya hewa, usiku na mchana, kwa majuma mengi. Mwaka uliofuata Ibsen alianzisha chumba maalumu cha wagonjwa mahututi. Wale wanafunzi walikuwa vijana waliokuzidi wewe kwa miaka michache tu.

Nawe huna mfuko wa hewa, lakini una macho, na pengine una saa. Mwenzako bwenini akipumua mbiombio, akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo yake ikigeuka rangi ya buluu, au akisema maneno yasiyoeleweka, usimfunike blanketi ukasema amelala. Mwite jina. Akiwa na fahamu, msaidie kuketi. Mwite mwalimu au mlezi mara hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Heri umwamshe mzima ukalaumiwa, kuliko kumwacha mahututi ukasifiwa kwa upole wako.

Mama yu hai. Siku hizi akisinzia kitini mchana, mimi huketi karibu naye na kutazama saa. Yeye hujua. Huuliza bila kufumbua macho, "Leo ni ngapi, mwanangu?"

Nami humjibu, "Kumi na sita, mama. Lala."