Diski za Seva, Kutoka Enzi za Jampa

Nilipoanza ufundi wa kompyuta Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuongeza diski kwenye seva ilikuwa kazi ya usiku. Tulisubiri ofisi ifungwe, tukazima seva, ndipo tukafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na diski za SCSI, zote zimeunganishwa kwa utepe mmoja mpana wenye viunganishi vya pini 68. Kila diski ilihitaji namba yake, kuanzia 0 hadi 15, na kwa desturi namba 7 iliachiwa kadi inayoziongoza. Kwenye diski nyingi tulizofunga kwa mkono, namba hiyo ilipangwa kwa jampa, vijipande vya plastiki vyenye chuma ndani, vidogo kama punje ya mchele. Tulivishika kwa kibanio huku tochi imebanwa kwa meno.

Diski mbili zikipewa namba moja, seva ilichanganyikiwa. Tena mwisho wa utepe ulitakiwa kufungwa kwa kifaa kiitwacho tamineta, la sivyo mawimbi ya umeme yalirudi nyuma na kuvuruga data. Mzee aliyenifundisha kazi hakuchoka kuniambia, "Mdogo wangu, kabla hujailaumu diski, angalia kwanza mwisho wa waya." Mara nyingi tatizo lilikuwa hapo hapo.

Mwaka 2003 ikaja SATA, na kila diski ikapata waya wake mwembamba. Baadaye seva zikahamia SAS. Tamineta na mambo ya kugawa namba kwa jampa yakaisha. Diski zikakaa kwenye trei mbele ya seva: unabonyeza kitasa, unavuta, unachomeka nyingine. Nakumbuka tulivyobadilisha diski mchana kweupe huku ghorofa ya juu wahasibu wakiendelea kuandaa mishahara, wala hawakujua kama kuna kilichoharibika.

Mikono ikapumzika, kazi ikahamia kichwani. Sasa swali lilikuwa diski hizo zipangweje. Jibu lilikuwepo tangu zamani: mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha andiko lililoeleza jinsi diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kushirikiana na kushindana na diski moja kubwa ya gharama. Ndiyo RAID. Ofisi nyingi zilipenda RAID 5, kwa sababu diski nne za TB 1 zinakupa nafasi ya TB 3, na moja ikifa data zinabaki salama.

Lakini diski zikazidi kuwa kubwa. Diski ikifa, seva hulazimika kuzisoma zote zilizobaki ili kuijaza mpya, na kwa diski za TB kadhaa kazi hiyo inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Niliitwa kwenye ofisi moja ambako diski ya pili ilikufa katikati ya zoezi hilo. Diski zote zilinunuliwa pamoja, toleo moja, zikachoka pamoja. Nilipouliza bakapu iko wapi, nilionyeshwa folda iliyokuwa kwenye diski hizo hizo. Kumbukumbu za wateja zilipotea, na nilimwona karani aliyeziingiza akianza upya kutoka kwenye mafaili ya karatasi. Tangu siku hiyo, kwa diski kubwa napendekeza RAID 6, inayovumilia vifo vya diski mbili.

Siku hizi kuna NVMe, iliyotolewa mwaka 2011, ambayo diski yake huzungumza na prosesa kupitia njia ya PCIe. Mara nyingi hata kadi ya RAID haihitajiki: mdadm ya Linux au ZFS, iliyozaliwa Sun Microsystems, hupanga diski kwa amri chache tu. ZFS pia hukagua kila kipande cha data kinaposomwa, ikagundua kilichoharibika kimyakimya. Kijana anaweza kufanya akiwa Dodoma kazi iliyotufanya sisi tukeshe mbele ya seva. Ninafurahi, maana ile tabu ya jampa haikuwa na faida yoyote kwa mwenye data.

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, msidanganywe na wepesi huo. Jina la diski kama sda linaweza kubadilika seva ikiwashwa upya, kwa hiyo andikeni namba ya mfululizo ya kila diski na kuibandika mbele ya trei yake, msije mkachomoa iliyo nzima. RAID inakinga kifo cha diski tu. Haikingi moto, wizi, wala mtu aliyefuta faili kwa bahati mbaya. Wekeni bakapu nje ya jengo, na mara kwa mara rejesheni faili kutoka humo mlifungue. Bakapu ambayo haijawahi kujaribiwa isihesabiwe kuwa bakapu.